Kokoto za Ghorofa ya Mwakani

Nyumba ya baba yangu kule Kanja ilikuwa na ghorofa moja tu, na hiyo moja ilikuwa ya chini. Hilo halikumzuia mtu kuiita ghorofa. Kinamama wakielekezana njia ya sokoni walisema, "Pinda pale kwa ghorofa ya Mwalimu." Mgeni angefika pale, atazame huku na huku akitafuta ghorofa, aone nyumba fupi, pana, yenye paa bapa la zege, kisha aendelee na safari mpaka apotee.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kabla ya kurudi nyumbani alikuwa amefundisha mjini Meru, na huko aliona majengo ya maana yote yana paa bapa: benki, posta, ofisi za wakubwa. Akarudi Kanja na wazo moja, kwamba mabati ni ya watu wasio na mipango. Miaka michache baada ya uhuru, msimu ambao kahawa ililipa vizuri, majirani walinunua mabati naye akanunua saruji. Akamwaga slabu ya zege juu ya vyumba vinne, na juu ya slabu akaacha vyuma kumi na sita vimesimama wima, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Hivyo ndivyo vingeshika nguzo za ghorofa ya pili. Ubavuni akajenga ngazi ya zege yenye kingo pande zote mbili. Ngazi hiyo ilipanda vizuri sana, ikakufikisha juu, ikakuacha hapo na upepo.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa maana ya vyuma vile. Mtu akishaezeka, amemaliza. Majirani wanajua amefika wapi na wanampima hapo hapo. Lakini aliyeacha vyuma vinatokeza juu hajamaliza, na mtu ambaye hajamaliza huwezi kumpima. Baba alivitunza vyuma vyake kuliko alivyotunza viatu. Kila kimoja alikivika kopo tupu la mafuta ya kupikia ili kisishike kutu, na ukitazama kutoka barabarani ungedhani kuna watu kumi na sita wafupi wamevaa kofia, wanasubiri kuitwa ndani.

Siku ya kubariki nyumba walikuja kwaya, mchungaji na nusu ya watu wa lokesheni. Baba alipanda ngazi ya tatu ili aonekane, akasema, "Leo mmekunywa chai chini. Mwakani mtainywea juu." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, nikiwa darasa la nne, na nakumbuka nilijivuna mpaka nikakosa hamu ya kula. Nyuma ya jikoni palikuwa tayari na lori zima la kokoto, limemwagwa kwa ajili ya zege la huko juu.

Mvua ya Aprili ikaja.

Paa bapa ni kitu kizuri mahali pasiponyesha. Kanja hunyesha. Mafundi walikuwa wameimwaga ile slabu bila kuipa mteremko wowote, kwa hiyo maji yalipofika juu yalikaa, kama wageni waliokaribishwa. Bata wa jirani ndio waliogundua matumizi ya kwanza ya ngazi yetu. Walipanda mmoja mmoja, wakaogelea katikati ya vyuma. Wiki ya pili tone la kwanza likaanguka ndani, katika chumba cha kulala cha wazazi wangu, upande wa mama.

"Saruji mpya hutoa jasho," baba alisema.

Mwaka wa pili haikuwa mpya tena, kwa hiyo alitafuta neno refu la Kiingereza ambalo mama hakulijua na mimi sikuthubutu kuuliza. Alipaka uji wa saruji juu. Ukapasuka. Alipaka lami ya kopo. Jua la Januari likaipika mpaka ikachanika. Alitandaza karatasi ya plastiki na kuikandamiza kwa mawe, na upepo ukaipeleka kwenye shamba la jirani pamoja na bata mmoja aliyekuwa juu yake, au ndivyo jirani alivyodai. Ndani tulipanga makarai. Tulijifunza kutembea sebuleni bila kutazama chini, na hakuna aliyepiga karai teke isipokuwa wageni.

Mama alikuwa anakohoa. Godoro lake lilikuwa halikauki kuanzia Machi hadi Juni, na kufikia Oktoba linaanza tena. Asubuhi moja ya mwaka wa tatu alitia sukari katika chai ya baba, akakoroga, akamwekea mbele, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo nahamia jikoni."

Nyumbani tulizungumza Kiembu, na katika Kiembu maneno hayo ni mafupi zaidi. Baba alikunywa chai yote. Mama akabeba godoro kichwani, akalitandika jikoni, kwenye kibanda cha mbao chenye mabati juu na mafiga matatu katikati. Jikoni hapakuvuja. Palikuwa na moshi, kuku na mbuzi wawili, lakini palikuwa pakavu, na baada ya mwezi mmoja kikohozi kikapungua.

Baba alikuwa amemaliza miaka ishirini akihubiri shuleni kwamba mila za zamani zinaturudisha nyuma. Sasa kila aliyeuliza alimjibu kwamba, kimila, mwanamke wa Kiembu ana nyumba yake na mwanamume ana yake. Alisema hivyo mpaka kwa mchungaji. Watu waliitikia kwa heshima, kisha wakifika barabarani wanacheka mpaka wanashika miti. Mke wa mwenye ghorofa analala na mbuzi. Niliona aibu kwa ajili ya mama, na nilimkasirikia baba kwa hasira ambayo nimeirithi kwake mwenyewe, kwa hiyo haikwisha haraka.

Miaka ikapita, nikamaliza shule, nikapata kazi ya kupiga chapa mjini Embu, katika ofisi iliyoshughulikia majengo ya serikali. Huko ndiko nilikojua kwamba duniani kuna paa bapa ambazo hazivuji, na kwamba siri yake ni vijiwe. Aliyenifundisha alikuwa fundi mzee wa Majengo, Meru, mwenye kofia ya kufumwa na vidole vilivyotiwa rangi na lami maisha yake yote. Alikuwa anakuja mezani kwangu kuchapiwa orodha ya vifaa, na kila mara niliona pale: mapipa ya lami, mabunda ya karatasi nzito ya kutandazwa juu ya paa, kokoto ndogo.

"Kokoto za nini juu ya paa?" nilimuuliza. "Mnataka likae vizuri lisipeperuke?"

"Na hilo pia," akasema bila kucheka. "Lakini adui wa lami, binti yangu, si mvua. Ni jua. Lami ikichomwa na jua inakauka, inapasuka kama kisigino cha mkulima. Ukiimwagia vijiwe juu ingali moto, vinaishikilia na vinaikinga. Jua linapiga jiwe, jiwe halijali."

Nilimpenda papo hapo. Jumamosi iliyofuata nilimleta Kanja.

Alipanda ngazi, akazunguka vile vyuma na makopo yake, akapiga slabu kwa kisigino hapa na pale, akasikiliza. Kisha akashuka, akamkuta baba amevaa koti.

"Mwalimu, nikuulize, nawe usinikasirikie. Huku juu utajenga?"

"Mwakani," baba akasema.

Fundi akakuna ndevu. "Basi mimi siwezi kukufanyia kitu. Kokoto huwekwa kwenye nyumba iliyokwisha. Nikiweka leo, mwakani utaikataa kazi yangu, uipasue ujenge. Na hivi vyuma lazima vikatwe. Kila chuma kinachopita kwenye karatasi ni tundu, na maji hayahitaji kuonyeshwa tundu liko wapi."

"Vyuma havikatwi," baba akasema.

"Basi nyumba haikaushwi," fundi akasema, tena kwa upole mwingi. Akanywa chai jikoni kwa mama, ambako ndiko palipokuwa pakavu, akarudi Embu.

Mama alikuwa amesikia yote kupitia ubao. Alipomwaga masalio ya chai aliniambia, "Umejaribu." Nilienda kusimama mbele ya lile rundo la kokoto nyuma ya jikoni. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake na kuku walikuwa wamelifanya mahali pa kutagia. Jiwe la kumkausha mama lilikuwepo miaka yote hiyo, hatua kumi kutoka kitandani kwake, likingojea ghorofa. Nililipiga teke. Niliumia kidole.

Kilichoivunja ngome ya baba hakikuwa mimi. Kilikuwa ni wakwe.

Nilikuwa nimepata mchumba, mtu wa Ruiri, na wazee wake walikuja kwa ruracio, kuzungumzia mahari yangu, mwezi wa Novemba, wakati mvua inaponyesha bila kupumzika. Ruiri ni kwenye upepo na vumbi na ng'ombe. Mvua kwao ni kitu cha kuombewa kanisani, na nyumba zao zote ni za mabati. Walikuwa wameambiwa wanakwenda kuoa katika ghorofa. Baba aliwapokea sebuleni, chumba pekee ambacho juma hilo kilikuwa hakijaanza kuvuja, na tulikuwa tumeyaficha makarai chini ya vitambaa vya meza.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka chai. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye fimbo, alikuwa ndiyo kwanza ameinua kikombe wakati tone lilipotoka juu likaingia ndani yake, tii. Akatazama kikombe. Akatazama juu. La pili likampata kwenye paji la uso. Alijifuta, akamgeukia baba kwa adabu yote ya mtu aliye ugenini, akasema kwa Kiswahili ili asieleweke vibaya:

"Mwalimu, samahani. Huyo mama anaosha nyumba huko juu, hebu mumwambie apumzike kidogo, kuna wageni."

Hakuwa anatania. Aliambiwa ghorofa, akaamini ghorofa. Kwake ilikuwa wazi kabisa kwamba maji yakitoka juu, juu kuna mtu na ndoo.

Wajomba zangu walitazama viatu vyao. Kutoka jikoni nilisikia sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kikohozi cha mama kimerudi, kumbe alikuwa anacheka na kujiziba kwa leso. Tone jingine likaanguka. Nilimtazama baba, na kwa mara ya kwanza sikumwona mkaidi. Nilimwona amechoka.

"Huko juu hakuna mtu," akasema. "Huko juu hakuna kitu."

Mzee wa Ruiri akasema "Aa," akahamisha kiti chake, na mazungumzo yakaendelea. Niliolewa, wala sikushushwa thamani. Lakini kesho yake asubuhi baba aliingia jikoni kwa mama, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akakaa kwenye kigoda kilicho chini mno kwa miguu yake, akasema akitazama moto, "Muiteni yule fundi."

Fundi alikuja na pipa la lami na mabunda ya karatasi. Baba akampeleka kwa fahari nyuma ya jikoni kumwonyesha kwamba kokoto anazo tayari. Fundi akachukua jiwe moja, akaligeuza.

"Hizi ni za zege, Mwalimu. Nikiweka hizi juu, ukitembea utatoboa karatasi. Za paa ni ndogo, kama punje ya hindi. Na ziwe safi. Zikiwa na vumbi, lami inashika vumbi, haishiki jiwe."

Basi kikundi cha kinamama wa kanisa, wenzake mama, wakaja na nyundo. Walikaa kivulini siku nne wakipasua ghorofa ya pili ya baba iwe punje. Walikuwa wamewahi kupasua kokoto za barabara na kazi hiyo wanaijua. Tatizo lilikuwa vumbi. Fundi alipendekeza zioshwe, lakini mtoni ni mbali na jiwe ni zito. Mama akalitazama lile rundo, akaingia jikoni, akatoka na ungo. Akachota kokoto, akazirusha, akazipokea, akazirusha, vumbi likaenda na upepo na vijiwe vikabaki vinang'aa. Alikuwa anazipeta kama maharagwe. Wengine wakakimbilia nyungo zao. Siku ya tano wapita njia walisimama barabarani kuwatazama wanawake kumi wakipeta mawe, na mmoja akauliza yatapikwa kwa muda gani.

"Muulize Mwalimu," mama akamjibu. "Yeye ameyaloweka miaka kumi na miwili."

Vikabaki vyuma. Baba alikuwa amekubali lami, amekubali kokoto, lakini kwa vyuma alianza kujadiliana, na baada ya kuwaona wakwe zangu kazini alijua namna. Alianzia kukata vinne tu. Fundi akasema kumi na sita. Baba akasema vinane vibaki. Fundi akasema kila chuma ni tundu. Wakapumzika, wakanywa chai, wakarudi juu. Vibaki vinne, vya pembeni tu. Matundu manne, Mwalimu. Viwili. Fundi akaketi kwenye ukingo wa ngazi, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kimoja," baba akasema. Sikuwahi kumsikia akiomba.

Fundi akanitazama mimi, akatazama chini kwa mama, kisha akampa baba msumeno. Baba alivikata kumi na tano kwa mkono wake, siku nzima, hakutaka kusaidiwa. Kila alipokimaliza kimoja alisema kwa sauti ya chini kilikuwa cha nini: sebule ya juu, chumba cha wageni, roshani. Cha kumi na sita, cha kwenye pembe ya mashariki, fundi alikizungushia karatasi na lami tabaka tatu. "Nimefanya ninavyoweza," akasema, "lakini nimekuambia." Kisha lami ikamwagwa ya moto, na kinamama wakapandisha kokoto kwa ndoo, kichwani, wakipokezana kwenye ile ngazi. Hatimaye ngazi ilipandwa na watu wenye shughuli.

Mama alirudi ndani ya nyumba Jumapili moja, godoro likiwa limebebwa na wenzake wanne na kuimbiwa njia nzima, ambayo ilikuwa hatua kumi. Mvua ilipokuja tulikaa ndani, tunatazama juu. Sebule, kavu. Chumba cha wageni, kavu. Halafu tukasikia, katika chumba chao, tii. Pembe ya mashariki, upande wa mama.

Baba alifungua gazeti. Mimi nilisubiri vita na, kusema kweli, nilivitamani. Mama alisimama, akatazama dari, akatazama gazeti, akaenda jikoni akarudi na sufuria ndogo, ile ya kuchemshia mayai, akaiweka chini ya tone.

"Hiyo ni kidogo," akasema.

Na hivyo ndivyo walivyoishi. Paa la vijiwe lilimnyima mama mahali alipozoea kuanikia maharagwe wakati wa jua, maana alipotandika turubai juu ya vijiwe baadhi vilipanda juu ya turubai, na githeri ya kwetu, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ikawa ya kutafunwa kwa tahadhari. Jino la mume wangu lililokatika mbele lina historia hiyo. Baba hakusema tena "mwakani" mbele ya watu. Lakini kila mwaka, kabla ya mvua za Oktoba, alipanda ngazi taratibu akiwa na kopo jipya la mafuta ya kupikia, akakivalisha kile chuma kimoja, akakaa pale juu kidogo akitazama shamba. Mama alikuwa anamshikia ngazi ambayo, ikiwa ya zege, haikuhitaji kushikwa.

Baba alipofariki, nilikaa nyumbani mwezi mzima. Mvua zilikuwa karibu, na kifua cha mama kilikuwa kimeanza tena. Nilijua la kufanya, nilikuwa nimelijua miaka yote. Nilitafuta msumeno, nikapanda juu, nikatembea polepole juu ya vijiwe, nikalivua lile kopo. Ndani yake chuma kilikuwa kimepakwa grisi, hakina hata doa la kutu. Nikaweka msumeno kwenye chuma.

"We!" Mama alikuwa uani, amesimama katikati ya kuku, mkono mmoja kiunoni. "Unafanya nini huko juu?"

"Nakata hiki, mama. Kinakuvujia kitandani."

"Sufuria ipo."

"Mama, unakohoa. Baba hayupo. Nani atajenga?"

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyelala na mbuzi miaka tisa kwa ajili ya jambo hili hili.

"Kwani ni nani amekuambia tumemaliza kujenga?" akasema. "Mrudishie kopo lake, ushuke."

Nikamrudishia kopo lake, nikashuka.